Leza Niliyoionja kwa Ajili ya Feza

Ninyi vijana mliotoka shule ya uuguzi juzi, na makoti yenu bado yana mikunjo ya dukani, huwa mnanijia hapa Kasongo na swali moja: "Papa Yuma, ni kweli ulichomwa jicho kwa leza kwa sababu ya mama mmoja wa shambani?" Mkiuliza hivyo mnabana midomo msicheke. Chekeni tu. Ni kweli, jicho langu la kushoto lilichomwa, na aliyenipeleka kwenye kiti kile hakuwa daktari. Nimeandika habari yenyewe hapa ili niache kuirudia kila siku, maana nimestaafu na ninataka kulala mchana.

Kwanza mjue nilianzia wapi. Nilifundishwa kazi ya macho na mzee Lwamba, muuguzi aliyekuwa akikaripia hata anaposalimia. Siku moja alinichukua Lusangi, akanipa oftalmoskopu, kile kidude chenye taa na tundu la kutazamia ndani ya jicho, akaniambia nimpime chifu wa pale. Sasa, mtu anayeanza hufumba jicho moja ili aone vizuri kwa jingine. Mimi nilifumba lile lililokuwa kwenye tundu. Kwa lile lililobaki wazi nilikuwa nikitazama sikio la chifu. Nikatazama kwa makini sana, nikaona ngozi, kovu na nywele chache, kisha nikamwambia kwa heshima zote kwamba ndani ya jicho lake kumeota nywele. Chifu aliinamisha kichwa, akaita watoto wake, akaanza kuwagawia mashamba palepale.

"Yuma," mzee Lwamba akanong'ona huku amenishika ukosi, "fungua macho yote mbili. Ya kufunga, tutakufungia siku ya kufa."

Tangu siku hiyo sikufumba tena. Na hapo ndipo mzee alianza kunifundisha kweli. Simama umbali wa mkono mmoja, weka taa karibu na jicho lako mwenyewe, tazama mboni mbili za mgonjwa kwa pamoja. Zikiwa nzima zinakujibu kwa wekundu, kama kaa la moto linalopuliziwa. Ikiwa moja ni nyekundu na nyingine inajibu kwa weupe, na mgonjwa ni mtoto mdogo, usiende kula kwanza. Mtoto hapimwi kwa amri, hapimwi akiwa amelazwa mezani. Mweke kwenye mapaja ya anayemjua, mzibe jicho moja kwa kiganja. Akikaa kimya ukiziba la kulia, na ukiziba la kushoto akapigana nawe kama mwizi, basi ameshakwambia jicho analolitegemea. Asipotazama upande wako, lia kama mbuzi. Nimelia kama mbuzi mbele ya mapadri na mbele ya masheikh, na heshima yangu ipo mpaka leo, au karibu yote.

Taa nayo ilikuwa shida. Betri za oftalmoskopu zilipokwisha, zilikwisha kwa miezi. Nikawa natumia taa ya kufunga kichwani niliyoipata kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Ilinuka matope na jasho la mtu nisiyemjua, lakini iliwaka. Kwa hiyo msinililie kwamba hamna vifaa.

Haya, Feza.

Alikuwa na umri wa miaka miwili aliponijia mgongoni mwa nyanya yake, Mama Mwavita, mkulima wa karanga na mpunga kwenye barabara ya Kabambare. Wazazi wa mtoto walikuwa Salamabila, baba akichimba, mama akipika kwa ajili ya wachimbaji, na Feza alilelewa na nyanya yake, aliyemwita Koko kama watoto wengi wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Mama Mwavita alikuwa mwembamba, hana haraka, na alikuwa na tabia ya kukutazama mdomo unapoongea badala ya macho. Nilidhani hasikii vizuri. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akitafuta pale uongo unapoanzia.

Jicho la kulia la mtoto lilikuwa na weupe katikati. Lakini Mama Mwavita alikuja na ushahidi, picha ya rangi iliyofungwa kwenye nailoni, Feza akiwa mchanga mwenye gauni la njano.

"Tazama, Dokta," akasema. "Hapa alikuwa wa miezi sita. Jicho iko muzuri. Hii ugonjwa imekuja juzi juzi tu."

Nikaitazama picha. Mboni mbili, nyeusi, safi kabisa. Nikauliza kama mtoto aliwahi kuanguka, akasema watoto wote wanaanguka. Basi nikaandika kwenye daftari: mtoto wa jicho, huenda kwa kuumia. Nikamwambia asubiri madaktari wa upasuaji watakapopita tena, labda baada ya miezi miwili au mitatu. Sikumziba jicho. Sikulia kama mbuzi. Taa ya mchimbaji ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma yangu, nami niliamini karatasi. Mkiandika kosa langu mahali, liandikeni hivyo hivyo.

Miezi miwili ikapita. Nikaenda sokoni kwa Amisi, mpiga picha, kwa sababu makaratasi yangu ya kustaafu yalidai picha ndogo. Amisi alikuwa na simu nzuri, mashine ya kuchapisha na kitambaa cha buluu cha kuweka nyuma ya mtu. Nilimkuta ameinama juu ya simu, ulimi nje kama mwanafunzi wa chekechea, akigusa gusa macho ya mtoto kwenye picha kwa ncha ya kidole.

"Amisi, unafanya nini?"

"Ninatengeneza macho, Papa. Flashi inayaharibu, inayatoa nyekundu kama ya shetani. Wamama hawapendi. Miye naweka nyeusi, njo wanalipa."

"Yote yanatoka mekundu?"

"Karibu yote. Mara moja moja iko mutoto jicho yake inatoka nyeupe, kama ya paka. Ile njo mubaya kabisa, wanarudisha foto. Naweka nyeusi vilevile. Kila mutu anaenda mwenye furaha."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake chenye mguu mfupi, na nikajikuta nimesimama bila kujua nimesimamaje. Nikamuuliza kama bado ana picha ya mjukuu wa Mama Mwavita kabla hajaitengeneza.

"Miye sifuti kitu," akasema kwa majivuno.

Akateremsha picha kwa kidole. Zikapita arusi, mbuzi wa kuuzwa, mtu na pikipiki yake mpya, mtu yuleyule na pikipiki ileile upande wa pili. Kisha gauni la njano. Jicho la kushoto jekundu, la kulia jeupe kama sarafu. Miezi sita! Halafu akasema iko nyingine, ya Idi iliyopita. Feza amesimama, ameshika sambusa. La kulia jeupe lote. Na kwenye jicho la kushoto, lile zuri, pembeni mwa mboni, kipande chembamba cheupe kama ukucha wa mtoto.

"Papa, unaumwa?" Amisi akauliza.

Nilikuwa naumwa, ndiyo. Nilikuwa naumwa aibu.

Niwaeleze kwa nini. Iko kansa inayoota ndani ya jicho la mtoto mdogo, kwenye ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Wakati ingali ndani ya jicho, mtoto anaweza kupona kabisa. Ikitoka kwa njia ya mshipa wa nyuma, inaelekea kwenye ubongo, na hapo ni mazungumzo mengine. Uvimbe uliojaza jicho, jicho hilo huondolewa ili mtoto aishi. Uvimbe ambao bado ni mdogo hupunguzwa kwa dawa, kisha huchomwa kwa leza, mwanga mwembamba wenye joto unaolengwa pale tu, na jicho hubaki likiona. La kulia la Feza lilikuwa limeshajaa. La kushoto lilikuwa bado lina nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa inapungua kila siku niliyokaa nikisubiri wapasuaji wangu.

Nikapanda pikipiki ya kukodi siku ileile. Kwa Mama Mwavita nilipokewa vizuri. Alileta chai ya mchaichai, akaonja kwanza, akafuta ukingo wa kikombe, akanipa. Ninyi mliozoea chupa zilizofungwa kiwandani huenda hamlijali hilo, lakini kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Nikashika kikombe na kufungua mdomo wangu mpumbavu.

"Mama, mutoto iko na ugonjwa mubaya. Tutaenda Kinshasa. Kule watatoa jicho moja, na ile ingine wataichoma na mwangaza. Usiogope, haiko na kitu."

Ndivyo nilivyosema. Nilitoka na habari ile barabarani nikaimwaga mlangoni kama gunia la mihogo. Mama Mwavita alinitazama mdomo. Kisha akachukua kikombe mkononi mwangu, kingali kimejaa, akamwaga chai nje, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kesho yake nilirudi nikakuta nyumba tupu. Jirani akanionyesha kwa kidevu upande wa mashamba. Nilimpata kwenye karanga zake, anapalilia, Feza ameketi kwenye kanga akiongea na jembe. Nilijua kwamba nikianza tena na habari za Kinshasa atahama hata shamba. Kwa hiyo nikachukua jembe la pili, nikapalilia mstari mzima bila kusema. Nilikata karanga kadhaa pamoja na majani, naye aliziona. Mstari ulipokwisha nikakaa chini.

"Mama, miye nilikosea," nikasema. "Ulinipa foto, nikaamini foto. Amisi aliweka rangi nyeusi kwa macho ya Feza. Ugonjwa ilikuwa pale toka alikuwa wa miezi sita. Ningeweka taa kwa jicho yake ile siku, ningeona."

"Ulikuwa na taa?"

"Nilikuwa nayo."

Akaendelea kung'oa majani. Nikamwonyesha picha mbili zile, Amisi alikuwa amenipa kwenye simu yangu. Aliitazama ile ya Idi, akaisogeza karibu, akamwita Feza, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. Akaifunga mikono yake kwenye kanga.

"Jicho ya kwanza ulikosea," akasema. "Ya pili miye nitajua namna gani? Unasema wataichoma, halafu unasema haiko na kitu. Kitu ya kuchoma, haiko na kitu?" Kisha akaniuliza swali ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote: "Ile mwangaza, nani ataonja mbele?"

Ningeweza kumweleza kwamba leza haionjwi. Ningeweza kutoa somo refu. Lakini nilikumbuka chai iliyomwagwa, na mtoto alikuwa pale anatuangalia kwa lile jicho moja lililobaki likiona.

"Miye," nikasema. "Miye nitaonja."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Baba yake Feza alipigiwa simu Salamabila, akasikiliza yote, akasema tu kwamba mama yake mzazi, Mama Mwavita, akishaamua yeye hana neno. Habari ya nauli iliishaje si ya leo. Tukaenda kwa pikipiki hadi Kindu, wote watatu na dereva, na huko njiani nilianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho langu la kushoto, nikalaumu jua na mashimo ya barabara. Kisha ndege, hadi hospitali ya macho Kinshasa. Mama Mwavita hakuogopa ndege hata kidogo. Alisema dereva wake anaendesha vizuri kuliko yule wa pikipiki.

Jicho la kulia liliondolewa siku za kwanza, na hapo sitafanya mzaha. Mama Mwavita alilia, nami nililia, kwa kuwa lilikuwa jicho nililolichelewesha. Daktari aliniambia kwamba hata miezi ile miwili isingeliokoa. Nadhani alinihurumia. Baadaye Feza alianza kupewa dawa za kupunguza uvimbe wa kushoto, nywele zikamtoka, akawa mpole kuliko nilivyopenda. Hatimaye ikaja siku ya leza.

Daktari huyo, Dokta Mado, alikuwa mwanamke mfupi anayecheka kwa pua. Aliongea Kilingala na Kifaransa, mimi nikawa mkalimani. Aliingia akiwa amejifunga kichwani taa yenye miwani na waya mrefu unaokwenda kwenye mashine. Mama Mwavita alimtazama toka juu hadi chini.

"Huyu naye anachimba?" akauliza.

Nikatafsiri. Dokta Mado akacheka, akasema ndiyo, ila anachimba mahali padogo zaidi. Akaeleza kwamba mtoto atalazwa usingizi wa dawa, ataangaliwa ndani ya jicho kwa taa ile, na leza itapita humo humo hadi kwenye uvimbe, kidogo kidogo, mpaka ugeuke rangi. Haitamalizika kwa siku moja, watarudia na kurudia. Nikatafsiri vizuri, neno kwa neno. Mama Mwavita akasikiliza, akamkumbatia Feza, akasema:

"Sawa. Mwambie sasa uonje."

Nikamwambia daktari kwa Kifaransa kwamba mama anamsalimia sana na anashukuru.

"Hukusema maneno yangu," Mama Mwavita akasema. "Maneno yangu ilikuwa mafupi."

Ikabidi niseme. Dokta Mado alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, maana aliona uso wa yule mama na mikono iliyomkaza mtoto, akaelewa kwamba bila jambo hili mtoto hatakabidhiwa. Akasema hawezi kuchoma jicho la mtu lisilo na ugonjwa, si kazi yake kuharibu. Lakini anaweza kuniangalia kwa taa ileile, mbele ya mama, aone kwamba ninaingia na ninatoka hai. Mama Mwavita akafikiri, akakubali kwamba hiyo ni nusu ya kuonja, na kwamba nusu nyingine tutaizungumzia.

Nikawekewa matone ya kupanua mboni. Nikakaa nikisubiri, macho yamefunguka kama ya bundi, kila taa ikinipiga usoni. Daktari akaja akaniinamia. Akaangalia la kulia, akasema zuri. Akaangalia la kushoto, akanyamaza. Mimi nimenyamaza hivyo mbele ya wagonjwa wangu mara nyingi sana, na siku hiyo nilijua kwa mara ya kwanza unyamavu ule una uzito gani ukiwa umekaa upande wa mgonjwa.

"Mzee," akasema, "umekuwa ukiona vimulimuli?"

"Ni jua la Kindu, Dokta."

"Si jua la Kindu. Utando wako umechanika pembeni. Tukiuacha, maji yatapita nyuma yake, nao utabanduka wote, na jicho halitaona tena. Nitauzungushia leza leo hii."

Ghafla nikakumbuka kwamba nina shughuli nyingi sana Kasongo. Nikamwambia daktari kwamba mimi nimekuja kusindikiza tu, kwamba mtoto atangulie, kwamba nitarudi mwezi ujao nikiwa na nguo safi.

"Anasema nini?" Mama Mwavita akauliza.

Alikuwa ananitazama mdomo.

"Anasema jicho yangu pia iko na ugonjwa. Anasema ataichoma, Mama. Leo."

Mnadhani alinihurumia? Alipanga kanga yake vizuri, akampakata Feza sawasawa, akasogeza kiti karibu na mashine.

"Basi Mungu amesikia," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Kidevu kwenye kishikilio, paji la uso kwenye mkanda, tone la kutia ganzi, kisha kioo kimewekwa juu ya jicho lenyewe ili nisifumbe. Jicho ambalo mzee Lwamba alinifundisha lisifumbwe, sasa halikuwa na ruhusa ya kufumba hata likitaka. Miguu ilikuwa inanitetemeka kiasi kwamba meza ililia. Ndipo nikahisi mtu amenishika kidole gumba.

"Tulia," Mama Mwavita akasema. "Ni mwangaza tu."

Jamani! Neno hilo nimewaambia watu wangapi? Nimewaambia wazee, wajawazito, watoto, nikijiona mwema kabisa. Sasa liliniingia sikioni na halikunisaidia hata chembe. Kilichonisaidia ni kidole.

Mwanga ukaja, wa kijani, mkali, ukipiga tik, tik, tik. Wa kwanza sikuhisi. Wa pili na wa tatu, kidogo. Kisha ukafika mahali fulani pembeni, nikasema "Ai!" kwa sauti ambayo Feza aliiona ya kuchekesha, akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Tik, tik. "Ai!" Mtoto akacheka tena. Nadhani "Ai!" mbili za mwisho nilizitoa kwa ajili yake, lakini sina hakika.

Ilipokwisha nilikuwa naona zambarau kila mahali. Mama Mwavita hakuachia kidole.

"Sema sasa," akaniambia. "Inauma?"

Hapo, vijana wangu, ndipo kazi yangu yote ilipokuwa. Nikisema haiumi, ameshasikia kelele zangu na ukumbi wote umezisikia. Nikisema inauma, atamfunga mtoto mgongoni na kurudi Kasongo, na lile jicho litakwenda kama mwenzake, na huenda Feza naye. Daktari alikuwa ananitazama ingawa hakuelewa neno. Nilitamani sana kusema uongo. Ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu.

"Inauma, Mama," nikasema. "Si sana. Inauma kama sisimizi anakuuma, halafu mwingine, halafu mwingine. Lakini miye nilikuwa macho. Feza atalala, hatasikia hata sisimizi moja. Akiamka, jicho inaweza kuwa nyekundu, na atalia juu ya njaa. Na sijui kama itapona yote. Dokta naye hajui. Anajua tu kama tukiacha, haiponi."

Alinitazama mdomo. Nikauacha wazi kidogo, ili aangalie vizuri.

"Sasa umesema," akasema. "Ile siku ulisema haiko na kitu. Ndiyo maana nilimwaga chai." Akasimama, akambusu Feza kwenye kile kichwa kisicho na nywele, akamweka mikononi mwa Dokta Mado. "Chukua. Ameonja."

Sikutafsiri.

Tulirudia safari ile mara nyingi, na uvimbe ule ukapungua, ukakauka, ukabaki kovu bapa pembeni mwa utando, mahali ambapo haliingilii kuona. Kila Feza anapokwenda kuangaliwa, Mama Mwavita hufunga safari akiwa hajala, na akirudi hula kwa watu wawili.

Amisi naye alibadilika, tena akapita kiasi. Mwanzoni alitaka kufunga studio kwa majuto. Nikamwambia asifunge, aache tu kupaka rangi kabla hajaniita. Akabandika karatasi kubwa ukutani kwamba jicho likitoka jeupe, wamuite Papa Yuma kwanza. Hapo nikapata taabu. Aliniita kwa ajili ya mama mzee mwenye mtoto wa jicho aliyejijua toka zamani. Aliniita kwa ajili ya mtoto ambaye alitazama pembeni tu, maana jicho lisilo na ugonjwa pia linaweza kutoka jeupe likipigwa kwa pembe fulani, ndiyo sababu unapiga picha nyingine, uso kwa uso, kwenye kivuli, kabla hujamtia mama wa watu kiwewe. Siku moja alinitumia picha ya paka. Nilimpigia simu nikamwambia, Amisi, huyu ni paka. Akasema anajua, lakini ameona bora aulize. Nilimtukana, kisha nikamshukuru, kwa sababu mwaka uleule alinipatia mtoto wa pili, wa mwenye duka la chumvi, mwenye weupe mdogo sana kwenye jicho moja. Huyo alitibiwa kwa leza na macho yake yote mawili yapo.

Ninyi sasa mna simu zinazoona ndani ya jicho na kumtumia daktari picha akiwa mbali. Vizuri sana, hata mimi nazipenda, ingawa mjukuu wangu ndiye anayeniwashia. Lakini zibeni jicho kwa kiganja. Lieni kama mbuzi. Na mkimwambia mtu jambo zito, kaeni chini kwanza, ikiwezekana mpalilie mstari mmoja.

Juma lililopita nilikwenda kumsalimu Mama Mwavita. Mikono yake sasa inatetemeka yenyewe, chai inaletwa na Feza. Anasoma, amekuwa mrefu, ana jicho la bandia ambalo hulivaa Ijumaa na siku za wageni. Siku hiyo hakulivaa, nikafurahi kujua kwamba mimi si mgeni.

Akaja na kikombe, akakiinua ili aonje, akasita. Akageuka kuelekea mlangoni penye mwanga, akakiinamisha kidogo, akatazama ndani kwa lile jicho la kushoto.

"Ngoja, Papa. Iko sisimizi."

Nikavaa miwani, nikachungulia. Niliona chai. Nikaisogeza karibu, nikaona chai. Feza akaingiza ncha ya kidole cha mwisho, akainua kitu, akakiweka kizingitini. Niliinama mpaka mgongo ukalia, ndipo nikamwona, mdogo kuliko punje ya mchanga, anajikung'uta, anaondoka zake.

Feza akaonja. Akafuta ukingo wa kikombe kama Koko wake alivyomfundisha, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Papa. Haiko na kitu."

Nikanywa yote. Msiniulize kama ilikuwa na sukari, nilikuwa nalia.